Nusu Kipimo cha Mama

Alhamisi, Kakuma. Upepo tangu asubuhi, hata chai ina mchanga. Lakini leo sina ugomvi na vumbi. Mama amelala tangu saa nne, mdomo wazi, anakoroma. Sikujua kukoroma kwa mtu kunaweza kunifurahisha hivi.

Nina jambo la aibu, basi niliseme mapema.

Kwa wiki mbili nilimpa Mama nusu ya dawa yake.

Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Nilimtoa kijijini Kaikor nikamleta kwangu hapa Kakuma, na hospitalini Lodwar wakatupa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, chupa ya wiki mbili, na kikombe kidogo chenye mstari wa kipimo. Kila baada ya saa nne, wakasema. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mwelevu. Nyumbani nikaanza akili zangu. Nimekulia mahali ambapo huumalizi mtungi kabla hujajua kisima kinachofuata kina maji, na chupa ile nikaifanyia vivyo hivyo. Tena niliogopa Mama atazoea, aanze kuililia dawa kama mlevi anavyolilia pombe. Nikawa namimina nusu, huku nikijiona binti wa maana sana.

Mama hakulalamika. Alishika tu ukingo wa kitanda, macho ameyafumba.

Jana tulirudi Lodwar. Nesi, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia mbuzi, akainua chupa kwenye mwanga. "Hii ilikuwa iishe. Mbona iko nusu?"

Nilimweleza nikitarajia kusifiwa. Alivuta kiti, akaniambia polepole kwamba mgonjwa mwenye maumivu kama haya akipewa kwa kipimo, na wao wakimfuatilia, si rahisi awe mraibu. Mwili unaweza kuizoea dawa, na hilo wao wanajua kulishughulikia. Kinachomtesa Mama sasa ni maumivu. "Dada, usiwekee kesho. Ikiisha, kuja."

Ikiisha, kuja. Mungu ambariki yule mama, yeye na watoto wake wote.

Jana jioni nikajaza hadi mstarini. Leo asubuhi Mama ameomba chai ya maziwa, akasema nimebania sukari, kisha akazicheka nywele zangu. Nilitoka nje nikalia kwa shukrani, majirani wakidhani kuna msiba.

Baada ya chai nikajikaza, nikamwambia nilichofanya. Akasema aliona tangu siku ya kwanza kwamba dawa haifiki mstarini.

Alidhani na mimi ni mgonjwa, na dawa tunagawana. Akanyamaza, asije akanimalizia yangu.

Saa nane imekaribia. Naenda kumwamsha nimpe kipimo chake chote.