Spika Nilizonunua Ili Unyamaze

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa dukani kwangu hapa Mbinga, mvua imefukuza wateja. Tangu tukuzike nimeshateremka Lipingo mara kadhaa kumwangalia Baba, na kila nikirudi najiambia nitakuandikia, kisha nasingizia kazi. Leo sina cha kusingizia.

Baba yupo. Anakula, ingawa si kama zamani. Mihogo yako imekomaa, na nguruwe wa jirani wameionja kabla yetu, ungewasikia wenye nguruwe wakijitetea ungecheka. Jioni Baba anawasha televisheni, anakaa kwenye kiti chake. Kile cha kwako hakuna anayekikalia, hata mgeni.

Nina neno kuhusu zile spika.

Unajua nilivyo nikitaka kununua kitu. Nilizunguka maduka ya Mbinga mpaka wauzaji wakawa wananikwepa. Wote walinihubiria wati, wakanifungulia muziki hadi kifua kinatetemeka, wakanionyesha taa zinazowakawaka kwenye sabufa. Mzee Shabani peke yake ndiye aliyeuliza, "Dada, unataka za muziki au za filamu?" Nikasema za filamu. Akaniambia basi nisihangaike na mshindo. Kwenye filamu maneno karibu yote yanapita kwenye spika ya katikati, hizo nyingine zote ni za milio na vishindo. Mtu mwenye hela ya kubana, alisema, achukue seti ndogo yenye spika nzuri ya katikati na maboksi ya mbao, taa awaachie wenye baa. Tukaijaribu kwa taarifa ya habari badala ya muziki. Kila neno lilisikika, hata pumzi za mtangazaji. Akanipunguzia bei. Nilitoka pale najiona mjanja kuliko wilaya nzima.

Ila wewe hukujua kwa nini nilizitaka, Mama. Au ulijua?

Sikio moja la Baba limekufa na la pili linasuasua, kwa hiyo kila filamu ulikuwa unamwinamia unamweleza kwa Kinyasa. "Anasema hajamwona." "Muongo huyo, usimwamini." "Mtazame macho, anamdanganya mke wake." Filamu nzima, mwanzo hadi mwisho. Mimi nikija likizo na wanangu nilitaka kukaa niangalie kwa utulivu, na ulinikera. Ndiyo hivyo, nimeandika. Wengine walinisifu kwamba nimewakumbuka wazazi. Mimi nilinunua spika ili mama yangu anyamaze.

Tulipomaliza kuzifunga ulizitandikia vitambaa vyako vya kufuma, zote tano, na mimi nikakivua cha ile ya katikati nikisema kinaziba sauti. Filamu ikaanza. Ukamgeukia Baba kama kawaida yako. Nami nikasema, mbele ya wajukuu zako, "Mama, spika zipo sasa, waache waseme wenyewe." Ukacheka kidogo. "Haya, mama wa mjini," ukasema. Ukakunja mikono.

Hukumweleza tena. Nilipokuja Krismasi ulikuwa kimya, nilipokuja Pasaka ulikuwa kimya, na mimi nikawa nawaambia wateja wangu kwamba spika nzuri ni ile yenye sauti safi, ona wazazi wangu wanavyofurahia. Kisha ukaugua.

Safari iliyopita nilimkuta Baba ameifungulia filamu hadi vikombe vinagongana kabatini. Nikashusha besi, nikaipandisha ile ya katikati, nikapaza sauti: "Baba, sasa unasikia?" Akasema anasikia kuna mtu anaongea. Halafu akasema, macho yakiwa kwenye kioo cha televisheni, "Mama Upendo alinichoka. Mwishoni hakuniambia tena kitu. Tulikuwa tunakaa hapa kama abiria."



Hakusikia nilichokuambia siku ile. Angesikiaje? Alichoona ni mke wake ameacha kumgeukia. Alikaa na wazo hilo ukiwa hai, pembeni yake, na sasa analo peke yake. Nawe hukumwambia kwamba ni mimi niliyekukataza. Ulinifichia, kama ulivyonifichia nilipovunja chungu cha bibi, ila hiki si chungu.

Nilimwambia. Sikiliza nilivyomwambia. Nilikaa upande wa sikio lililokufa, filamu inapiga risasi, nikasema kwa sauti ya chini, kama ya kunong'ona kanisani, "Baba, ni mimi niliyemkataza." Akaitikia, "Ee." Nikaenda kuosha vyombo nikijidai nimeshatubu. Nilijua hajasikia. Nilichagua upande ule makusudi, mimi niliyezunguka mji mzima nikitafuta sauti safi.

Sasa nakuahidi. Jumamosi nateremka. Nitazima televisheni na spika zote, nitakaa upande wake wa kulia, wa sikio linalosuasua, na nitasema kwa Kinyasa, kwa nguvu. Jirani zako watasikia, na midomo yao unaijua. Wasikie. Nitamwambia, "Baba, hakukuchoka. Mimi ndiye niliyemnyamazisha." Akiitikia "Ee" nitarudia, na nitarudia tena, mpaka aniulize kwa nini. Hapo nitajua limefika. Akinifukuza nitatoka nje nikae barazani. Asiponifukuza, nitamweleza filamu, ingawa sina maneno yako.

Mungu akupumzishe, Mama. Umenikingia mengi, nami nilikuacha ukae kimya. Jumamosi, nakuomba, usinikingie.

Mwanao,
Upendo