Ndege Niliodhani Hawakuja

S.L.P. 418,
Uthiru,
Nairobi.

Jumapili, 12 Aprili 2026

Mpendwa mdogo wangu Munyiva,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji Tobias na mtoto wetu Joyline, na kwamba theluji ya Oulu imeanza kuwaachia njia ya kupita. Kazi ya hospitali inaendeleaje? Huku mvua ya masika imeshika. Waiyaki Way kila jioni ni mto, viatu havikauki, na magoti yangu yananitajia umri kwenye kila ngazi. Hata hivyo tunapumua, tunashukuru.

Najua utashangaa kupata barua ya wino kama zile tulizokuwa tukiandikiana ukiwa bwenini. Simu siiwezi tena, na nitakueleza sababu. Halafu wifi yako Nzula ni mgonjwa. Mwishoni nina swali moja la kukuuliza kwa kuwa wewe ni muuguzi, na sitaki mtu mwingine alisome. Lakini niache nianze na ndege, maana mambo yote yalianzia huko, na habari yao unanidai.

Tangu uende Finland tumekuwa na utaratibu wetu. Yule ndege mdogo wa rangi ya majani yaliyofifia, ambaye sisi wawili humwita Mgeni, akianza kuimba huku kabla ya kufunga safari ya kurudi kwenu, mimi hukuambia. Nawe hunijibu mwezi wa Mei, akishatua kwenye miti yenu. Mwaka huu hukupata neno kutoka kwangu. Nilikuwa na hakika kwamba hakuja.

Kundi letu la Jumamosi unalijua. Tunakutana Adams Arcade asubuhi, tunajibana kwenye magari ya wenye magari, tunakwenda vilima vya Ngong, au siku nyingine kinamasi cha Ondiri, karibu na kwangu. Mimi ndiye mwenyekiti, si kwa kura bali kwa mvi. Desturi yetu ni kwamba tukifika, hakuna anayeinua darubini kwanza. Mimi nasimama, nafumba macho, nasikiliza, kisha nawataja waliopo mmoja mmoja. Ndipo wengine wanatafuta kwa macho. Nilijiona mtu mkubwa kwa jambo hilo, sikufichi.

Basi mwaka huu nilifumba macho nikasikia kwarara, kunguru na njiwa. Kwenye matete ya Ondiri, ambako vindege vilizoea kugombana mpaka huwezi kujua nani ni nani, kimya kitupu. Nikatangaza kwamba wadogo wamekwisha. Nililaumu dawa za kunyunyizia mboga, nikalaumu maghorofa ya Kilimani, nikalaumu kiangazi cha huko wanakopitia. Nilitoa hotuba, Munyiva, tena zaidi ya moja. Huzuni yangu ilikuwa ya kweli, chakula kilinikataa. Watu walikuwa wakitikisa vichwa na kuniambia pole, nami nikadhani tunaomboleza pamoja.

Mwishoni mwa Machi tukapanda Ngong. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeinuka, na korongo weupe walikuwa wanazunguka juu wakitafuta upepo wa kuwapeleka kaskazini. Hao niliwaona wote, maana macho yangu hayajambo. Tulisimama chini ya mgunga uliolowa, nikafumba macho kama kawaida, kisha nikasema Mgeni hakuja mwaka huu, tukubali tu.

Nilipofumbua macho niliwakuta wanaangaliana. Ndipo Debra, yule msichana wa benki anayekaa Kilimani, akaja akasimama mbele yangu.

“Mzee, usikasirike,” aliniambia kwa sauti ya kumwita mtu ng’ambo ya barabara. “Hawa wako, tena wengi. Wanaimba tangu tushuke kwa gari. Hata kule Ondiri walikuwa. Tulishindwa tutakwambia aje.”

Akanionyesha tawi. Niliinua darubini, na kweli alikuwa Mgeni mwenyewe, mdomo wazi, koo linatetemeka, anaimba kwa nguvu zake zote. Sikusikia kitu. Nilimtazama mpaka akaruka. Wakati wa kurudi hakuna aliyeongea garini, au labda waliongea.

Kumbe wiki zote zile walikuwa wananisikiliza nikizika ndege walio hai, wakanyamaza kwa heshima. Heshima ya namna hiyo naikasirikia hadi leo. Debra peke yake ndiye niliyemshukuru, na hata yeye nilimshukuru kwa kinyongo.

Lakini hilo silo lililonivunja. Jioni ile nilikaa mezani, Nzula yuko kwenye jiko amenipa mgongo, anakoroga sufuria ya muthokoi. Ujue kwamba nilikuwa nimeshaamua kitambo kuwa Nzula amenuna. Tangu Krismasi nyumba ilikuwa imepoa. Nilidhani amechoka na mimi na Jumamosi zangu, na kwa kiburi changu sikumwuliza. Sasa nikainuka, nikazunguka meza, nikamtazama usoni. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaongea.

Nikamwuliza anaongea na nani.

“Na wewe,” alisema. “Nimezoea.”

Nilimkalisha nikamweleza yaliyonipata Ngong. Aliweka mwiko chini akaanza kulia, nami nikadhani anayalilia masikio yangu. Akasubiri mpaka nimtazame mdomo, akasema polepole, “Kiilu, mimi nilikuambia Januari nina uvimbe kwa titi. Ulikuwa umekaa hapo hapo ukipangusa darubini. Ukaniambia sawa.”

Ndilo neno ninalotupa nisiposhika mtu alichosema. Hata wewe nimekutupia kwenye simu mara nyingi, na kama uliniona nimekuwa baridi, sasa unajua. Nzula alingoja niseme twende hospitali. Alingoja Februari yote. Kila alipoligusa jambo lile tena nilikuwa naitikia kwa kichwa, naye akaamua kwamba sitaki kujua. Mwishowe alikwenda peke yake, bila kumwambia hata binti yetu Yvonne, akakatwa kinyama cha kupimwa, akarudi akanipikia chakula cha mchana. Nilikila. Nakumbuka nilimlalamikia chumvi.

Majibu si mazuri. Ni saratani. Watampasua Alhamisi hii, kisha dawa za kemo. Yvonne amechukua likizo na analala kwetu. Masikio yangu nayo yalipimwa, na daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba vifaa vya kusikia vitanisaidia kuwapata watu wakiwa karibu, lakini sauti nyembamba nisizitegemee. Uenyekiti nimeuacha. Debra anataka niendelee kwa macho tu, nimekataa. Kwa sasa sina hamu ya kutazama kiumbe kikifungua mdomo bila sauti.

Sasa swali langu. Wewe umeuguza wagonjwa wa aina hii miaka mingi. Kutoka Januari hadi majuzi, kuchelewa kule kumemgharimu nini? Kama ningemwambia twende siku ileile, ingekuwa kutolewa tu na mambo yakaisha? Huku siwezi kumwuliza daktari. Nzula haniachi niingie peke yangu, kwa kuwa ndiye anayenieleza yanayosemwa. Na jibu lolote la kunifikia mimi lazima lipazwe, naye atalisikia kabla yangu. Simu pia anaishika yeye, maana siisikii ikilia, na ujumbe ukiingia ndiye anayeufungua. Sanduku la posta ndilo pekee ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwangu.

Niandikie kama unavyomwandikia mtu usiyemjua. Usinihurumie kwa kuwa mimi ni kaka yako. Nzula hajanilaumu hata mara moja. Anasema ni mapenzi ya Mungu, na anayasema karibu kabisa na sikio langu la kulia, akinishika bega. Mimi nashindwa kujua kama ndivyo anavyoamini au kama ananificha. Nikiujua ukweli sitamwambia. Nataka tu, kama yeye anaubeba, nisimwache aubebe peke yake mara ya pili.

Mamamkubwa Kaluki anakusalimu kutoka Mwala. Goti limemruhusu kwenda kanisani tena. Yvonne anamsalimu binamu yake Joyline na anauliza kama bado anakikumbuka Kikamba. Mpe Tobias mkono wangu, umwambie lile koti alilonitumia linanifaa kwa mvua hizi.

Nzula mwenyewe ameketi kando yangu ninapoandika, bila miwani yake. Ameniuliza ninakuandikia nini kirefu hivi, nami nimemwambia ni habari za ndege. Amecheka kidogo, akaniambia nikusalimie sana, na nikukumbushe kumwombea.

Mungu awafunike huko kwenye baridi, na huku atuachie Nzula.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako,
Kiilu