Mfalme Nalinga Hajafa

Chiwata,
Masasi.
Jumamosi, 16 Machi 2024

Mpendwa dada Ethel,

Shikamoo. Natangaza kwa heshima zote kwamba Mfalme Nalinga wa Nne, mtawala wa mbilikimo wote wa chini ya majabali, mwenye kimo cha ndoo mbili zilizopandanishwa, hajafa. Shoka la adui liko hewani, na litakaa huko huko mpaka nitoe taarifa nyingine.

Hujambo na joto la Tabora? Kifua cha shemeji Felix kimetulia? Sisi wazima kwa kuchechemea. Mikorosho imechanua majani tu, kama kawaida yake.

Unaikumbuka hadithi yangu ya daftarini. Nilikosa jina la kifalme, nikachukua la marehemu mjomba wetu, kwa kuwa naye alikuwa mfupi na mwenye amri; baiskeli alipandia juu ya jiwe. Mama, ninayemsomea kila sura, alipinga jambo moja tu: kila mfalme nilimrithisha mwanawe.

"Mwana atakaliaje kiti na mpwa yupo? Hao mbilikimo wako hawana dada?"

Nikawapa dada, wenye wana wa kurithi kiti. Nikafuta vizazi vitatu.

Kosa lilikuwa kwingine. Januari, kama ulivyosikia, mtoto wa mdogo wetu Severina alirithishwa jina la mjomba, ukoo mzima ukishuhudia. Tangu siku hiyo Mama anamwita kaka, nami namwamkia shikamoo mtu wa miezi saba, anaitikia kwa kutema uji. Ila jina la daftarini sikulibadilisha. Jumatano nikamwua mfalme, maana hadithi bila msiba hailiki. Jioni ile ile ikaja habari kwamba mtoto anachemka.

"Umemwandikia kifo kaka yangu," Mama akasema. Hakupandisha sauti.

Nilicheka, dada. Kisha tukaenda kumwona, mtoto akashikwa na degedege mbele yangu, macho yakageuka meupe, na kicheko sijakiona tena.

Nilichana ule ukurasa. Nikaogopa kuutupa, upepo usije ukausoma. Nikaogopa kuuchoma, nisije nikamwua mara ya pili. Uko mfukoni. Nimeandika mwingine ambamo shoka halishuki. Alhamisi Severina alimpeleka mtoto hospitali ya Mkomaindo, na simu yake haipatikani tangu hapo. Kila pikipiki ikipunguza mwendo karibu na kwetu, Mama anashika kanga yake, mimi nashika mfuko.

Hatusemezani sana. Jana aliniuliza kama kalamu ninayo bado. Nikasema nimeifungia sandukuni. Akasema nimpe ufunguo.

Mwombeeni. Nisalimie shemeji, Nancy na Julia. Mama anawasalimu nyote. Aliyewalinda wazee wetu njiani tangu walipokuwa hawana viatu awalinde na ninyi.

Mimi mdogo wako nikupendaye, niliyeacha kuandika,
Alfredi

Nyongeza, Jumapili: Severina amerudi. Ni malaria, dawa zimemkubali, na leo mjomba ametutemea uji wote. Cheti cha hospitali kinasema homa ilianza Jumapili iliyopita, siku tatu kabla sijamwua mfalme.