Kichuguu cha Njia ya Kipushi

Jumatatu, 8 Februari 2010

Najiuliza mwenyewe: wewe mwanamke, ulikuwa wapi? Majuma matatu daftari limelala chini ya pasi na hukuligusa. Sista wa parokia alihangaika kukufundisha herufi ukiwa na miaka soixante-deux, sitini na miwili, leo unajifanya huna muda. Muda unao. Huna kingine.

Theluji ya huku Ulaya imeganda kwenye ngazi za nje. Goti limevimba. Nimemwosha bwana yangu Gaston, nimempikia bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga iliyogandishwa mfukoni. Mapafu yake yanapiga mluzi. Amekula vijiko vinne, vyote kwa ugomvi. Bwana gani huyu.

Alhamisi, 11 Februari

Béata, rafiki yangu wa tangu ujana, alikuja. Alipanda ghorofa zote sita huku akizitukana. Amenunua tiketi. Machi anarudi Lubumbashi, kurudi kabisa. Kuna mtu amemwambia ameonekana mzee karibu na mpaka wa Angola, anafanana na Kalenga.

Kalenga ni bwana yake. Alichukuliwa nyumbani wakati mkoa wetu wa Katanga ulipojitenga, karibu miaka cinquante, hamsini sasa. Hakuchukuliwa na adui. Walikuwa watu wa upande wetu, walisema anapeleka habari kwa adui. Béata alikuwa na mtoto mgongoni. Tangu hapo hakuna barua, hakuna maiti, hakuna matanga. Si mke, si mjane. Watu walikuja kumposa, aliwafukuza kwa maji ya moto.

Nilimwambia, na moyo wako huo mbovu utaanguka njiani.

"Bon, nitafia mu njia. Wewe leta chai."

Gaston alimsalimia akiangalia ukuta. Siku zote anaangalia ukuta Béata akija. Mimi nilidhani ni aibu ya ugonjwa.

Ijumaa, 12 Februari

Mchana kwenye télé walionyesha watu wa Irlande, kisiwa cha wazungu. Wanachimba matope meusi, wanatafuta mifupa ya watu waliochukuliwa na wenzao zamani za vita yao. Nao waliitwa wasaliti. Watoto wao wamekuwa wazee, wamesimama na miavuli, wanaangalia mashine ikichimba. Mama mmoja alishika fremu ya picha kama sahani.

Nilisema, tazama, wazungu nao wana akina Béata.

Gaston alizima télé. Nikauliza nini. Hakujibu. Ndoa ya miaka quarante-six, arobaini na sita, najua kunyamaza kwake kote. Huku kulikuwa kugeni kwangu.

Jumamosi, 13 Februari

Amesema. Sikumlazimisha sana. Nilikaa tu kitandani na sikuondoka.

Yeye ndiye aliyeendesha lori. "Nilikamata tu volant," anasema. Usukani tu. Wengine watatu walikuwa nyuma na Kalenga. Walimshusha njia ya Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi, penye kichuguu kikubwa ambako watu walichimba udongo wa matofali. Shimo lilikuwa tayari. Gaston alibaki kwenye lori, injini hakuizima. Alisikia.

Nikakumbuka. Tulipojenga nyumba kule, kichuguu kile ndicho kilikuwa karibu yetu. Udongo mzuri, majirani wote walifyatulia matofali pale. Gaston akaenda kununua matofali mbali, safari tatu. Nilimcheka mbele ya mashemeji. Nilimwita mjinga mwenye kiburi. Mwaka mzima nilimcheka, naye akacheka pamoja nasi.

Halafu nikampa dawa zake, kwa sababu saa ilifika.

Jumapili, 14 Februari

Nilimwambia Solange, binti yetu. Kazi yake ni kuosha wazee kule Auderghem, nilidhani moyo wake umezoea vitu vizito.

"Maman, funga kinywa. Papa iko na makaratasi ya kukaa hapa. Batoto bangu beko na jina yake."

Nampenda mtoto huyu mpaka tumbo linauma. Nilitaka kumzaba kofi.

Gaston anaomba ningoje afe kwanza. Anaomba kama mtu anayeomba blanketi. Na Béata ana tiketi. Atazunguka mipakani na moyo mbovu, anatafuta mtu aliye chini ya udongo tangu ujana wetu. Leo sikutoka. Nimezunguka meza. Chumba, jikoni, chumba. Nachukia nyumba hii.

Jumatano, 17 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri alimpaka Béata majivu, akamwambia yeye ni mavumbi. Béata akaitikia kwa heshima. Nikaona siwezi tena.

Nilimwambia kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, mbele ya duka la wigi. Wasichana walikuwa wanasukana na kucheka. Nilisema yote, na jina la bwana yangu nikalisema.

Aliuliza jambo moja tu. Kalenga alikuwa na viatu?

Sikujua. Nilirudi nyumbani, nikamuuliza Gaston, nikampigia Béata simu. Nikamwambia hapana, walimvua. Akakata simu.

Basi nimempoteza, nikafikiri. Nimewapoteza wote wawili.

Ijumaa, 19 Februari

Asubuhi kengele. Béata, na wamama wanne wa parokia, na sufuria, na godoro. Amevaa nguo nyeusi.

"Nitalilia bwana yangu hapa. Aliyemwona mwisho iko hapa."

Alisukuma kanapé, kiti kirefu cha sebuleni, mwenyewe mpaka ukutani. Wamama wakakaa chini. Matanga, nyumbani kwangu. Nikaweka maji ya bukari motoni.

Gaston hakuweza kutoka chumbani, choo kiko upande wa pili wa sebule. Nilimpelekea ndoo. Waliimba mchana kutwa, na kila wimbo una jina la Kalenga. Alijifunika blanketi kichwani. Nililifunua. Nikamwambia sikiliza.

Solange alifika, akasimama mlangoni na koti lake. Kisha akalivua, akaanza kuosha sahani.

Jumapili, 21 Februari

Wamama wamekwenda baada ya misa. Nyumba inanuka samaki na mishumaa.

Gaston alitoka mwenyewe, anajishika ukutani. Hakuomba msamaha. Angeomba, ningemrudisha ndani kwa sikio. Alimpa Béata karatasi. Amechora njia, reli, kichuguu, na alama upande mmoja.

Béata aliitazama sana. Akauliza jua linatokea wapi. Gaston akaonyesha kwa kidole. Béata akaikunja, akaitia kifuani.

"Sasa rudia mu chumba."

Akarudi.

Machi Béata anasafiri vilevile, na karatasi ile. Huyo mzee wa Angola hamtaji tena. Sijui kama ataniita rafiki. Jana alikula chakula changu. Sasa amelala kwenye godoro, mdomo wazi, nimemwekea shali miguuni. Upande wa pili Gaston anakohoa polepole, ili asimwamshe.

Wewe, ukifungua tena daftari hili, habari za theluji ziache. Andika kwanza kama wamemkuta Kalenga.