Haikojoi, Siyo Hakojoi

Baba watoto,

Nimeshatoka na boti. Asubuhi nilipopiga kelele "Haikojoi!" nilikuwa nasema mashine ya boti, haitemi maji ya kupoza. Wewe ukasikia "Hakojoi!", ukamkurupusha baba yako kitandani, ukamnywesha jagi zima la maji. Mzee wa watu!

Kumbe nyigu walijenga kwa udongo ndani ya tundu la maji. Nimelizibua kwa waya. Ningeondoka nayo hivyohivyo, mashine ingeungua. Kuanzia leo tukiegesha, ~~wewe utaliziba~~ nitaliziba mwenyewe kwa kitambaa na kukitoa kabla ya kuwasha. Masikio yako siyaamini.

Chai ya mzee iko kwenye chupa. Muombe radhi. Na mlango wa choo usifungwe: mashine sasa inakojoa vizuri, ila mzee anaishinda.

Mama watoto