Managu ya Ndama

Naserian, mjukuu wangu,

Huku Kitengela tuko salama. Mvua imenyesha, babu yako amepona mguu, na yule ng'ombe mweusi amezaa.

Uliniuliza kwa simu kwa nini mboga za huko uliko hazina ladha kama zangu. Nilipoolewa hapa sikujua mboga kabisa. Kwetu Bisil tulikula nyama na maziwa. Majani yalikuwa ya mbuzi. Jirani yangu, Mama Wanjiru, akaniletea managu aliyotoka kuchuma shambani kwake. Nikamshukuru sana, halafu nikampa ndama majani yote, jirani akiwa amesimama hapo.

Hakucheka. Alienda kuchuma mengine, akaketi jikoni kwangu, tukachambua pamoja, akayapika na maziwa yangu. Tulikula kwa sufuria moja. Hiyo ladha unatafuta ilianzia hapo, na sidhani iko kwa majani.

Mama Wanjiru alihama. Shamba lake sasa ni nyumba za kupangisha. Mimi bado napanda managu nyuma ya boma, na kila jioni nikichuma, nachuma na yako. Tukimaliza kula, yako nampa ndama.

Ni mimi, koko yako.