Kusalimiana kwa Meno

Jumapili, 22 Julai 2012

Jambo hili sijamwambia mtu. Siendi kanisani kwa ajili ya mahubiri. Naenda kwa sababu ya salamu za nje, baada ya ibada. Koko Mukashema, bibi kizee asiye na jamaa hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hunishika mikono juu ya viwiko, huweka shavu lake kwenye langu, ndipo huanza kuuliza. Habari za nyumbani, za shamba, hata za ng'ombe tuliowaacha Kongo. Haachii mpaka maswali yaishe. Mimi hujibu mm, mm.

Wiki nzima hakuna mwingine anayenigusa. Mama mdogo Mukamana amenilea tangu mama afariki, alinisomesha mpaka nilipoacha shule mwezi wa tano. Lakini si mtu wa kushika watu.

Jumapili, 5 Agosti

Redio inasema Ebola iko Kibaale. Ni mbali — lakini mchungaji Yonatani amekataza kukumbatiana na kupeana mikono. Tusalimiane kwa meno tu, alisema. Joël, mmoja wa vijana wa kanisa, akauliza, "Na benye habana meno?" Koko, ambaye hana, alicheka kuliko wote.

Nje tulisimama kama mbuzi sokoni. Hakuna aliyejua salamu ianzie wapi, wala iishie wapi. Koko alinyoosha mikono, akakumbuka, akaificha ndani ya kitenge. Nikatabasamu, nikaondoka.

Alhamisi, 9 Agosti

Koko ana homa. Majirani wanasema ni malaria, lakini wanasema wakiwa mbali.

Mama mdogo alinituma nimpelekee maji — niweke mlangoni, nirudi. Niliweka. Koko akaita kutoka ndani, "Ni nani? Batu bote banakimbia."

Basi nikaingia, nikamshika mikono juu ya viwiko. Ilikuwa ya moto.

"Aa. Ni weye."

Nikamwuliza habari zake, zote, moja moja. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo.

Jumamosi, 11 Agosti

Wamempeleka Koko hospitali ya Mbarara. Wamepima damu, majibu bado. Mama mdogo anasema afadhali hakuna mutu alimugusa. Nilikuwa nachambua maharagwe. Nikaendelea kuchambua.

Tangu juzi nalala jikoni. Nimesema ndani kuna joto.

Sasa mama mdogo ameketi mlangoni na kitana na mafuta. "Kuja, mwanangu. Hizi nywele zimekuwa pori. Nikusuke." Hajawahi. Nimesema bado naandika. Amekunja sketi, ameniachia nafasi kati ya magoti yake.

Wewe, kama upo unayesoma, usimwambie kwamba nilimshika Koko. Nitamwambia mwenyewe. Ananiita tena —